Viatu vya Porini: Jinsi ya Kuchagua Jozi Njema ya Buti za Kuwindia

(Maneno haya yalisemwa barazani mbele ya wawindaji wenye leseni, askari wa wanyama wa vijiji, wafuata nyayo na warina asali. Twayachapa hapa ili wale ambao hawakuweza kufika nao wapate faida.)



Leo twataka kusema nanyi habari ya viatu. Labda wako watakaocheka moyoni wakisema, "Je, tumeacha mashamba yetu tuje kuambiwa habari ya viatu, kana kwamba sisi ni watoto wa shule?" Twaomba mtuvumilie kidogo. Mwindaji huitunza bunduki yake, huipaka mafuta na kuifunga katika kitambaa. Askari wa wanyama huhesabu risasi zake asubuhi na jioni. Lakini mguu, ambao humchukua mtu tangu alfajiri hata magharibi, huvikwa kiatu chochote kilichoonekana sokoni kiking'aa. Hilo ndilo tunalotaka kulitengeneza leo.

Hapa Tanzania uwindaji ulikatazwa mwaka 1973, ukafunguliwa tena mwaka 1978, na hata leo hufanywa kwa leseni. Kwa jirani zetu wa Kenya, uwindaji wa wanyama wakubwa ulikatazwa mwaka 1977. Walakini pande zote mbili za mpaka watu bado huingia porini kwa miguu kwa kazi zilizo halali, na mwiba haumwulizi mtu leseni yake.

KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA

Twaanza na jambo zito. Mtu akimpiga nyati risasi naye asife, desturi ya uwindaji ulio mwema humtaka amfuate mpaka mwisho. Nyati aliyejeruhiwa huingia kichakani, akasimama kimya akisikiliza, na hasira yake haichagui mtu. Aweza kumvamia mwanamke aliyekwenda kuokota kuni, au mtoto achungaye mbuzi, ambao hata mlio wa bunduki hawakuusikia. Kumfuata kwaweza kuchukua mchana kutwa, au siku mbili. Basi, mwindaji ambaye visigino vyake vimechunika kabla jua halijapanda atafanya nini? Ataketi chini ya mti avue viatu vyake, na nyati ataachwa. Ndiyo sababu twasema kwamba kiatu kibaya chaweza kumwua mtu ambaye hajakivaa kamwe.

Kadhalika askari wa wanyama hawaendi mmoja mmoja. Kikosi cha watu sita huenda kwa mwendo wa yule aliyeumia mguu, wala si kwa mwendo wa aliye hodari. Mmoja akichechemea, wote sita wamechelewa, na jangili aliyetangulia kwa saa moja atakuwa ametangulia kwa saa tatu.

WAZEE WALIKWENDA PEKU

Mtaweza kutujibu kwamba babu zetu waliwinda tembo kwa miguu mitupu, nao hawakushindwa. Ni kweli, na twawaheshimu. Wayo wa mtu aliyekwenda peku tangu utotoni huwa mgumu kama ngozi ya kiboko. Tena katambuga, yaani vile viatu vikatwavyo katika matairi ya magari, si vitu vya kudharauliwa. Haviogopi mbigili, havikai maji, na havimpotezei mtu fedha nyingi. Wafuata nyayo wengi walio mahodari huvipenda hata leo, kwa maana mguu hupata hewa na hatua haina kelele. Lakini huacha wazi vidole, kisigino na kifundo cha mguu, na huko ndiko hatari nyingi ziingiako.

Hatari zenyewe mwazijua. Mabuu ya safura hukaa katika udongo wenye unyevu uliochafuliwa na choo, yakapenya ngozi ya mguu mtupu, yakashuka matumboni na kukua huko, yakimnyonya mtu damu. Funza huingia chini ya kucha. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo, navyo hutoshwa na tundu moja la mwiba. Na kuhusu nyoka, Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka mwaka 2017 katika hesabu ya magonjwa yaliyosahauliwa, nalo hukadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 duniani hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Wengi wa wanaoumwa huumwa chini ya goti. Kifutu hasa ni mwenye kuogopwa, kwa sababu rangi yake ni kama ya majani makavu, naye hakimbii asikiapo mtu anakuja, bali hulala kimya njiani mpaka akanyagwe.

Hatusemi kwamba buti ni ngao ya kila kitu. Koboko aweza kumwuma mtu juu ya goti, na swila hutema sumu machoni. Mtu akiumwa, asichanjwe, asinyonywe jeraha, wala mguu usifungwe kamba ya kubana. Kivue kiatu kabla mguu haujavimba, mguu utulizwe usitikisike, naye mgonjwa apelekwe upesi hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka. Lakini ngozi nene iliyopita kifundo cha mguu huzuia meno mengi ya nyoka na miiba mingi, na hiyo ni faida iliyo kubwa.

KWANZA: IJUE NCHI UNAYOIENDEA

Hakuna kiatu kilicho chema kila mahali. Mtu akikuambia anacho kiatu kifaacho mlimani, matopeni na jangwani, basi huyo ataka fedha zako tu.

Katika nchi kavu yenye mawe na miiba ya migunga, kama sehemu nyingi za Dodoma na Singida, yafaa buti ya ngozi yenye soli nene, inayofunika kifundo cha mguu, isiyo na bitana nzito ndani. Hapo adui ni mwiba, joto na jasho. Maji ni adui mdogo.

Katika nchi ya maji, kama bonde la Kilombero au maeneo ya mto Rufiji wakati wa masika, ngozi hulowa, ikawa nzito, ikaoza isipopata nafasi ya kukauka. Hapo wengi huvaa gambuti. Gambuti ni njema kwa kuvuka tope na kwa kazi ya karibu na nyumba. Lakini kwa safari ya siku nzima ni adhabu. Mguu huchezacheza ndani, jasho halina njia ya kutoka, na jioni mtu huvua soksi iliyolowa kana kwamba amevuka mto.

Katika milima yenye mitelemko na utelezi, kama Usambara na Udzungwa, yatakiwa soli yenye meno marefu na ngozi ngumu ya kushika kifundo cha mguu kisiteguke.

Juu ya jambo hili la maji iko hadithi ya kweli itokayo Marekani. Huko Maine palikuwa na mwindaji mmoja, jina lake Leon Leonwood Bean, aliyechoka kurudi nyumbani na miguu iliyolowa. Mwaka 1912 alianza kuuza buti ambazo sehemu ya chini ilikuwa mpira na sehemu ya juu ilikuwa ngozi nyepesi, ili mtu apate faida ya vyote viwili. Masimulizi ya duka lake yasema kwamba katika jozi 100 za kwanza, jozi 90 zilirudishwa, kwa maana ngozi iliachana na mpira pale ziliposhonwa pamoja. Naye aliwarudishia watu fedha zao, akakopa, akazitengeneza upya, na buti za namna ile zaendelea kuuzwa hata leo. Fundisho lake kwetu ni hili: kiatu hufa kwanza mahali ambapo vitu viwili vimeunganishwa. Basi ushikapo kiatu dukani, tazama maungio kabla ya kutazama rangi.

PILI: UPIME MGUU WAKO

Watu wengi hununua viatu kwa namba waliyoambiwa walipokuwa vijana. Hilo ni kosa. Mguu wa mtu hupanuka kadiri umri unavyokwenda, na mguu wa jioni ni mkubwa kuliko mguu wa asubuhi. Tena namba zenyewe si za namna moja. Katika hesabu ya Waingereza, kutoka namba moja hadi nyingine ni theluthi ya inchi. Katika hesabu ya Ulaya bara, ambayo ndiyo yenye namba kama 40 na 42, ni theluthi mbili za sentimita. Hata viwanda viwili vyenye hesabu moja hawakubaliani, maana kila kiwanda kina kalibu zake. Namba humwonyesha mtu pa kuanzia tu. Mguu ndio utakaotoa hukumu.

Mwaka 1912 Edward Lyman Munson, daktari wa jeshi la Marekani, aliandika kitabu juu ya mguu wa askari na kiatu chake, baada ya kuitazama miguu ya askari wengi. Aliona kwamba wengi walichagua wenyewe viatu vifupi na vyembamba kwa sababu ya umaridadi, kisha wakashindwa kutembea. Basi jeshi likaagiza mguu upimwe hali askari amesimama, amechukua mzigo wa ratili 40, yaani kilo 18 hivi, na uzito wake wote ameutupa juu ya mguu mmoja. Sababu yake ni nyepesi kufahamu. Mguu wenye mzigo hurefuka na kupanuka, na porini mtu hutembea na mzigo, hatembei ameketi.

Nanyi mwaweza kufanya vivyo hivyo bila chombo chochote. Jioni, baada ya kazi, weka karatasi sakafuni. Vaa soksi utakazovaa porini, chukua mzigo wako mgongoni, simama juu ya karatasi, na mwenzako auzungushie mguu kalamu iliyosimama wima. Fanya miguu yote miwili, kwa maana ni nadra miwili kulingana, na kiatu hununuliwa kwa kufuata ule ulio mkubwa. Ikate karatasi ile, uichukue sokoni. Iweke chini ya soli ya kiatu: kama karatasi yatokeza pembeni, kiache kiatu kile, hata kama kakupunguzia bei.

Ukisha kukivaa, kuna majaribu matatu. La kwanza, simama wima. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. La pili, funga kamba barabara, utembee. Kisigino kikipanda kidogo sana si neno, lakini kikipanda na kushuka kama mchi kinuni, utapata malengelenge kabla ya adhuhuri. La tatu, tafuta ngazi au mtelemko, ushuke kwa nguvu. Vidole vikigonga mbele, kucha zitakuwa nyeusi siku ya kwanza ya mlima. Usione haya mbele ya mwenye duka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kiatu usichokitembelea hujui mahali kinapobana.

Wala usikubali kuambiwa kwamba kiatu kinachobana "kitafunguka chenyewe." Ngozi hulainika na kupanuka kidogo kwa upana, kwa urefu hairefuki.

TATU: ITAZAME SOLI

Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kutiwa moto hauyeyuki tena kwa jua wala hauvunjiki kwa baridi. Tangu hapo mpira ukawa kitu cha kutengenezea soli. Baadaye, mwaka 1935, wapanda milima sita walikufa katika milima ya Alps huko Italia, na mwenzao Vitale Bramani akaona kwamba viatu vyao havikufaa kwa baridi na barafu ile. Mwaka 1937 alitoa soli ya mpira yenye meno makubwa, na soli nyingi za milimani mnazoziona leo zafuata mfano ule.

Basi soli njema ya porini iweje? Iwe na meno ya kushika ardhi, lakini yasiwe yamekaribiana mno, maana tope hujaa katikati yake na kiatu kikawa sahani. Iwe nene hata mwiba wa mgunga usipenye, lakini iweze kukunjika pale vidole vinapokunjika. Shika kiatu kwa mikono miwili ukikunje. Kikikunjika penye vidole, vema. Kikikunjika katikati, chini ya upinde wa wayo, hakina kitu cha kukiimarisha ndani, nacho kitakuchosha penye mawe. Tena mwindaji akumbuke sikio la mnyama. Soli ngumu kama ubao hulia juu ya majani makavu na mawe. Mpira ulio laini kidogo hukanyaga kimya.

Kisha tazama jinsi soli ilivyoungwa na ngozi. Zipo zilizogandishwa kwa gundi tu, na zipo zilizoshonwa kwa uzi. Ya gundi si lazima iwe mbaya, lakini ikibanduka juani porini huna la kufanya ila kuifunga kwa kamba. Iliyoshonwa, fundi wa kijijini aweza kuibandua na kutia soli nyingine, na kiatu kikaanza maisha mapya. Jihadharini, maana viko viatu ambavyo mshono wake ni wa uongo, umechorwa tu katika mpira ili kumdanganya mnunuzi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ivute kidogo pembe ya soli, ingiza ukucha, uone kama uzi wapita kweli.

Hapa lipo neno moja ambalo wanunuzi wa mitumba wapaswa kulishika sana. Buti nyingi za siku hizi zina soli ya katikati iliyo nyepesi, iliyofanywa kwa povu la plastiki liitwalo poliyurethani. Povu hilo huharibiwa na unyevu wa hewa pole pole, hata kama kiatu hakijavaliwa. Kiatu chaweza kukaa miaka mingi ghalani, kikaonekana kipya kabisa, ngozi yang'aa na kamba ni nyeupe, kisha siku ya kwanza porini soli ikamong'onyoka kama mkate mkavu. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha wa kidole gumba, kisha ukunje kiatu mara kumi. Ukiona nyufa ndogo ndogo, au unga ukidondoka, kirudishe mezani.

NNE: NGOZI, KIMO NA RANGI

Ngozi ya kweli ina harufu yake. Ukiibonyeza kwa kidole hufanya mikunjo midogo kama ngozi ya mkono wa mtu, na penye ukingo uliokatwa waweza kuona nyuzinyuzi zake. Ngozi bandia ukingoni huonyesha kitambaa kilichopakwa plastiki. Nayo, jua likiipiga, hupasuka na kubanduka kama rangi ya ukuta. Ngozi iliyotengenezwa kwa dawa ya magome ya miti, kama vile magome ya miwati yanayolimwa Njombe, ni ngumu na hukaa katika umbo lake. Iliyotengenezwa kwa dawa ya kromu ni laini na huzoeleka upesi. Zote mbili zafaa, ikiwa ni nene na haina makovu makubwa penye mkunjo.

Siku hizi huuzwa pia buti zenye utando ndani usiopitisha maji. Katika nchi za baridi ni baraka. Katika nchi yetu ya joto mtu ataka akumbuke kwamba maji yakiingia kwa juu, kama vile katika kuvuka kijito, utando ule huyazuia yasitoke, na kiatu hukawia sana kukauka.

Kimo cha inchi 6 hadi 8 kwa kawaida chatosha. Kilicho kirefu zaidi huzuia nyoka na upupu zaidi, lakini huongeza joto na uzito. Nao uzito usidharauliwe. Wapimaji wa nguvu za mwili wamekuta ya kuwa mzigo uliofungwa mguuni humchosha mtu mara nne hadi sita kuliko mzigo ule ule mgongoni. Fanyeni hesabu wenyewe. Mwendo wa kilomita 20 ni hatua 26,000 hivi, yaani kila mguu huinuliwa mara 13,000. Kila buti ikizidi kwa gramu 200 tu, mguu mmoja utakuwa umeinua kilo 2,600 za bure kabla jua halijachwa.

Juu ya rangi tuna neno fupi. Mbung'o hupenda rangi ya buluu na rangi nyeusi. Ndiyo maana mitego yake hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Basi aendaye katika nchi ya mbung'o na achague rangi ya kahawia au ya udongo.

TANO: BEI NA HESABU YAKE

Twajua kwamba fedha ni chache, na jozi moja yaweza kumgharimu mtu mavuno ya magunia kadhaa. Ndiyo sababu hesabu yake yatakiwa ifanywe kwa miaka, isifanywe kwa siku moja. Tuchukue mfano tu. Kiatu cha shilingi 25,000 kikidumu miezi 6, katika miaka 3 utakuwa umenunua jozi 6, yaani shilingi 150,000. Kiatu cha shilingi 60,000 kikidumu miaka hiyo 3, ukamlipa fundi shilingi 15,000 kukitia soli mpya, jumla ni shilingi 75,000. Aliyenunua cha bei ya chini amelipa mara mbili, na miguu yake imeumia mara sita kwa kuzoeza viatu vipya.

Lakini tusidhani kwamba bei kubwa ni ushahidi wa wema. Kiko kiatu cha bei kubwa kilichotengenezwa kwa theluji, na kiko cha mtumba cha bei ndogo ambacho ngozi yake bado ni nzima na mshono wake ni wa kweli. Jicho lililofundishwa hupata faida pote pawili. Ila katika mtumba tazama pia soli ya ndani. Kama mguu wa mtu wa kwanza umeacha shimo refu upande mmoja, kiatu hicho kimekwisha kujifunza mwendo wa mwingine, na hakitajifunza wako.

SITA: KUZOEZA NA KUTUNZA

Kiatu kipya kisiende porini siku ya kwanza. Kivae nyumbani, kisha shambani, kisha safari ya sokoni, kwa muda wa majuma mawili au matatu, mpaka ngozi iujue mguu. Chukua soksi mbili za akiba. Soksi za sufi au zilizochanganywa na sufi ni bora kuliko za pamba tupu, kwa maana pamba ikilowa jasho hukaa na maji na kuichuna ngozi. Ukihisi mahali panapata moto mguuni, simama papo hapo, ubandike plasta. Watu huona haya kusimamisha wenzao kwa jambo dogo, na baadaye huwasimamisha kwa jambo kubwa.

Kiatu kilicholowa kisikaushwe karibu na moto, wala kisianikwe juani kutwa, maana ngozi hukauka ikapasuka, na gundi huachia. Kijaze karatasi kavu au majani makavu, ukiweke kivulini penye upepo. Kikisha kukauka, kifute vumbi, ukipake dawa ya viatu, au nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na shahamu kidogo, ambayo warina asali hawana haja ya kuinunua. Usiku kilaze kiatu mahali palipoinuka, na asubuhi kikung'ute kabla ya kutia mguu, maana nge na tandu nao hupenda nyumba yenye giza. Na mshono mmoja ukikatika, mpelekee fundi siku ile ile. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ndugu zetu, maneno yetu yote yaweza kukusanywa hivi. Kwanza nchi, pili mguu, tatu soli na mshono, nne ngozi. Na fedha zihesabiwe kwa miaka. Umaridadi na uje mwisho, ukipata nafasi. Mtu akikifuata kiatu kwa macho atakivaa siku ya sikukuu. Akikichagua kwa mguu atakivaa siku ambayo nyati ameingia kichakani na kijiji kizima chamngojea arudi na habari njema.

Wenye kujua kusoma twawaomba wawasomee wasiojua, na hasa vijana wanaoanza kazi ya porini mwaka huu, kabla hawajapeleka mshahara wao wa kwanza sokoni.